Sauti ya Zuhura Buchani

Sipendi kanda. Nalisema mapema ili msomaji asinisubiri nilainike mbele ya safari. Nikisikia mtu wa umri wangu akisifu kanda za zamani, jinsi tulivyozirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri, jinsi tulivyoanika betri juani zipate uhai kidogo, jinsi kijana alivyomrekodia mchumba wake nyimbo za kuchagua kanda nzima, mdomo wangu hujaa mate machungu kama mtu aliyemeza dawa ya minyoo. Vijana nao wameambukizwa. Wamezaliwa kanda zimeshakufa, lakini wanazichora kwenye fulana, wanazivaa masikioni kama hereni, na kule Posta kuna mkahawa umezipanga ukutani kama picha za watakatifu. Watu wanalipa kahawa ili wakae chini ya takataka zetu. Hakuna anayewaambia kwamba kanda zilinuka. Zilinuka plastiki iliyoungua, jasho la mikono na rangi ya kucha, na ndani yake kulikuwa na mambo ambayo hayakupaswa kutoka chumbani.

Juzi juzi tumemfanyia arobaini Zuhura, shoga yangu tangu nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Shughuli ilikuwa Kariakoo, kwenye kiwanja kilekile tulichoishi, ingawa nyumba yetu ya vyumba sita ilibomolewa zamani na pamesimama ghorofa. Mwanawe Salum amepanga huko juu. Nilipanda nikijibana kati ya maboksi ya viatu na marobota ya vitenge, maana siku hizi hata ngazi ni duka. Hitma ikasomwa, pilau ikaliwa, shehe akaaga. Tukabaki majirani wa zamani na ndugu, wanaume sebuleni, sisi wanawake jikoni na chumbani kwa Mwajuma, dada yake Salum, tukiona sebuleni kupitia mlango wa jikoni. Salum kazi yake ni kupiga muziki wa kale kwenye kumbi, na watu humlipa ili awakumbushe. Akasimama katikati ya sebule, macho yamemwiva kwa kulia, akasema, "Wazee wangu, najua si mahali pake. Lakini nina zawadi ya Mama. Hii wenyewe wanaiita Kanda ya Msimbazi. Nimeitafuta miaka. Mama alikuwa binti hapahapa ilipotengenezwa. Haiwezekani hakuicheza."

Muziki haufai kwenye arobaini, na kila mzee mle ndani alilijua hilo. Walinyamaza kwa sababu waliutaka. Salum akabonyeza, magitaa yakaanza, vichwa vyeupe vikaanza kwenda huku na huku. Na mimi, sina budi kusema kweli, mguu wangu ulicheza chini ya kiti. Nikasikia harufu ya mihogo ya kukaanga na pilipili, nikasikia joto la ile korido, nikawa msichana mwembamba kwa muda wa ubeti mzima. Ndiyo uchafu wenyewe wa kanda, inakushika mguu kabla hujaamua. Kisha wimbo ukaisha, ikaja sauti ya mwanamume, nyororo kama mafuta ya nazi: "Idi Kanda hapa, fundi wa mafundi. Ikikwaruza, jua si yangu." Wanaume wakacheka kwa furaha. Mimi nikausimamisha ule mguu. Nilijua sasa ni kanda gani, na nilijua kilichokuwa mwisho wa upande wa pili.

Mwaka ule kanda ilipotengenezwa nilikuwa nauza kwenye duka la mjomba la sufuria na masinia. Wateja walimwita mjomba Mangi na mimi Manka, kwa kuwa tulitoka Kilimanjaro na hawakuona haja ya kuuliza zaidi. Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa zimeanza kurudi madukani, na kila mtu alitaka kununua kitu chochote, hata kama hakijui. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kwenye korido. Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye paa, zilikoma juu kidogo ya kichwa, kwa hiyo hatukuishi kila mtu na chumba chake, tuliishi sote na masikio yetu. Upande wa pili wa ukuta wangu walikaa Bi Mgeni na mjukuu wake Zuhura. Nilimsikia bibi akikohoa, akisali, akimsimanga mjukuu kwa kuunguza wali. Jioni Zuhura alinirushia sauti juu ya ukuta.

"Manka, umekula?"

"Bado."

"Njoo basi, kuna maharage ya nazi. Usije ukafa humo ndani Mangi akatushtaki."

"Nawe siku ukipika bila kuunguza nitajuaje kama ni wewe?"

"Hapo ujue nimeolewa, amepika wifi!"

Tulikula kwenye sinia moja uani, karibu na bomba, na maji machafu yakipita miguuni kuelekea mtaroni. Mvua zikinyesha, harufu ya bonde la Jangwani ilipanda mpaka kwetu, matope na samaki na vitu vilivyokufa, ikachanganyika na kabichi zilizooza sokoni. Sisemi haya kuchafua hadithi. Ndivyo tulivyokula, na chakula kilikuwa kitamu.

Bi Mgeni alikuwa somo. Kwa asiyejua, somo ni mwanamke anayemfunda mwali, binti aliyevunja ungo au anayekaribia kuolewa, na mafunzo yenyewe hupita kwenye nyimbo na ngoma ndani ya chumba kilichofungwa. Nyimbo zile hazisikiwi na mwanamume. Hazisikiwi na mwanamke ambaye hajachezwa, yaani hajafundwa mle ndani. Haziandikwi, zinatoka mdomoni zinaingia sikioni, basi. Zuhura alikuwa anaandaliwa kushika nafasi ya bibi yake, na hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Wenzetu walitaka mume mwenye baiskeli au kazi bandarini. Yeye alitaka siku moja wanawake wa Kariakoo mpaka Msimbazi waseme, "Muiteni Zuhura, bila yeye mwali hatoki." Na sauti alikuwa nayo. Ilikuwa nzito kidogo, ina mchanga ndani yake, ikipanda unahisi kama mtu amekushika nyuma ya shingo.

Siku za shughuli, mimi kama mtu wa nje niliwekwa uani kulinda mlango na kuangalia wali. Bi Mgeni mwenyewe ndiye aliyenipa kazi. "Wewe Mchaga, kaa hapo. Wewe huchezwi lakini una sauti ya kufukuza mbuzi. Akija mwanaume, mmwagie maji." Niliipenda kazi ile. Siku moja alasiri mpangaji wa chumba cha mbele akajifanya anataka kwenda chooni, nikasimama na kopo mkononi nikapiga kelele, "Hapana hodi hapa! Pita huko, nitakumwagia!" Ndani wanawake wakaangua kicheko, kisha Zuhura akaanzisha wimbo, makofi yakafuata, na mtu akagonga sinia kwa mwiko. Nilisikia bila kuelewa nusu yake. Niliyoelewa nayo siyaandiki hapa.

Siku ile chini ya rundo la kanga mle chumbani kulikuwa na redio kaseti ya kaka yake Zuhura, inarekodi. Sikujua. Alikuja kuniambia baadaye, akilia. Bibi alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa anaanza wimbo anaishia katikati, anakasirika, anasema wenzake ndio waliokosea. Zuhura aliogopa bibi angemaliza kusahau kabla yeye hajamaliza kujifunza. Akawaza kurekodi mara moja, ajifunze kwa siri, kisha afute. Hakuona kama amevunja kitu. Masikio ya kanda, aliniambia, aliyahesabu kuwa ni masikio yake mwenyewe.

Redio ikaitafuna kanda. Utepe ukatoka nje kama utumbo wa kuku. Mtu mwingine angeitupa, lakini mle ndani mlikuwa na nyimbo ambazo bibi hangeweza tena kuziimba mpaka mwisho. Kwa hiyo akaenda kwa Idi Kanda, na mimi nikamsindikiza. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo moja, kipana cha kutosha mtu na nusu. Kanda zilipanda ukutani mpaka juu, deki mbili zilikaa mezani, na yeye katikati, kijana mtanashati, nywele zinang'aa, shati limefunguliwa vifungo. Wasichana walimpenda. Mimi alinitia kinyaa tangu siku ile, kwa sababu nilimwona akitema mate kidogo kidoleni na kusafishia kichwa cha deki, halafu kwa kidole hicho hicho akachukua andazi. Aliunga tepe zilizokatika kwa rangi nyekundu ya kucha, akapuliza ikauka, akajisifu. Kazi yake hasa ilikuwa mchanganyiko: ulimletea majina ya nyimbo unazotaka, au ulimwambia tu, "Niwekee za kulia," "Niwekee za harusi," naye akakupangia.

Zuhura akaiweka kanda mezani, akasema, "Kaka Idi, unganisha tu. Usisikilize. Ni mambo ya kike."

Idi akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, mimi fundi. Fundi hasikilizi."

"Apa."

"Haki ya Mungu. Nyinyi njooni jioni."

Tulirudi jioni, akampa Zuhura kanda yake, imepona. Alikataa hata kulipwa. Zuhura akasema njia nzima, "Umeona? Nilikwambia ni mtu mzuri."

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda bucha na Bi Mgeni kununua maini. Bucha ile ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, upande wa Msimbazi, nzi wengi kuliko nyama, na muuzaji alikuwa na redio kubwa juu ya rafu, kwenye matone ya damu. Wanaume walijazana, wengine wananunua, wengi wanasikiliza. Ulikuwa mchanganyiko wa Idi, niliijua ile sauti yake ya mwanzo. Upande wa pili ulikuwa unafika mwisho, dansi ya mwisho ikaisha. Ikafuata kimya chenye vumbi, kisha makofi, kisha sinia na mwiko, kisha sauti ya Zuhura.

Sikuelewa kwa haraka kama Bi Mgeni alivyoelewa. Nilimwona tu ameshika ukingo wa meza yenye damu. Muuzaji akaongeza sauti. "Tulieni, tulieni, hapa ndipo penyewe!" Mwanamume mmoja akasema, "Huyu binti anafundwa au anatufunda sisi?" Wakacheka. Mwingine akaitikia kiitikio, keshakikariri, kumbe haikuwa mara yake ya kwanza. Mwingine tena akaanza kutikisa kiuno na kipande cha utumbo mkononi. Bi Mgeni akaachia ile meza. Akageuka akatoka. Muuzaji akamwita, "Bibi! Bibi, maini yako!" Sisi tukaendelea kutembea, na nyuma yetu wimbo ukaendelea, ule ambao yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuusahau, umekamilika, mpaka mwisho.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja bombani, akachutama, akaosha masikio. Aliosha kama mtu anayetawadha, lakini masikio tu, mara nyingi, mpaka ushungi wote ukalowa. Zuhura akatoka chumbani akicheka, akauliza, "Bibi, maini yako wapi?" Bi Mgeni akainua uso. Sijawahi kuona uso wa mtu umechoka vile.

"Umenivua nguo bucha," alisema. "Mimi na mama yako na mama yangu. Tuko uchi kule, wanatukatia nyama."

Hakurudia tena, hakumpiga, hakupaza sauti. Nilipomweleza tulichokisikia, Zuhura alikimbia kwa Idi Kanda, nami nikamfuata kwa sababu niliogopa angemchoma mkasi. Hakufanya chochote, alisimama tu pale mlangoni. Idi alikuwa anafurahi kwelikweli, na hicho ndicho ninachokichukia mpaka leo. "Dada, watu wameipenda! Wanakuja mpaka kutoka Ilala. Hawakujui jina, lakini wewe ni nyota!" Zuhura akamuuliza ametoa nakala ngapi. Idi akacheka. Hakujua. Nani anahesabu?

Wanawake wa shughuli walikaa kikao. Mimi sikuwemo, nilisikia kupitia juu ya ukuta, wakiongea kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Zuhura asiingie tena chumba cha mwali. Basi. Miezi haikupita mingi Bi Mgeni akafariki, na zile nyimbo akaenda nazo. Zuhura akaolewa, akazaa, akauza vitumbua, akawa mama mwema na jirani mwema. Binti yake Mwajuma hakumcheza. Alimwambia hana somo wa kumpelekea. Tulikuwa marafiki mpaka siku alipokufa, na katika miaka yote ile, akifua, akipika, akiwa na mtoto mgongoni, sikumsikia akiimba. Redio ya jirani ikipiga nyimbo za zamani, alinyanyuka kwa utaratibu akaenda ndani. Watu walidhani anaumwa kichwa.

Haya ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu jikoni kwa Salum, nimeshika glasi ya juisi, wakati akigeuza kanda upande wa pili. Nilijidanganya kwamba pengine nakala ile haina. Nyimbo zikapita. Mzee mmoja akasema, "Enzi zile bwana, kulikuwa na heshima." Kisha ule ukimya wenye vumbi. Kisha kitu nilichokuwa sijawahi kukisikia, kwa sababu siku ile ya bucha sikusikiliza kwa makini: mbali, nyuma ya mlango, msichana anapiga kelele, "Hapana hodi hapa! Pita huko, nitakumwagia!" Ni mimi. Halafu makofi, sinia, na Zuhura.

Wanaume sebuleni wakacheka kicheko kilekile. Wamezeeka, wengine hawana meno, mmoja ni haji, na kicheko ni kilekile. Nikaweka glasi chini, nikaingia kati yao, nikabonyeza mashine ikazima.

"Ah, shemeji!" mmoja akalalamika. "Ndiyo kwanza uhondo umeanza!"

Nikamwambia Salum, "Mwanangu, njoo jikoni."

Mwajuma alikuwa amebaki peke yake anaosha masinia. Nikafunga mlango. "Hiyo sauti," nilisema, "ni ya mama yako."

Akanitazama. Halafu uso wake ukafunguka, akanishika mabega yote mawili. "Mama? Mamdogo, acha! Ile sauti? Watu wanaitafuta nchi nzima hawamjui ni nani! Kumbe Mama alikuwa nyota! Hii inabidi iwekwe na jina lake, na picha yake..." Sikukasirika naye, mtoto hana kosa. Nikamsimulia, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa, bucha, bomba, kikao. Sikumficha kitu. Mwajuma alifunga bomba. Salum akabisha kidogo kwanza. "Lakini Mamdogo, bila hii kanda nyimbo hizo zingepotea kabisa."

"Kweli," nilisema. "Zingepotea kabisa. Na bibi yake mama yako aliosha masikio."

Akakaa juu ya ndoo. Kisha akatoa simu, kwa sababu alikuwa ameshaihamishia kanda humo na kuwatumia marafiki zake watatu, tangu asubuhi. Wa kwanza akapokea, sauti ikatoka kubwa jikoni nzima. "Kaka! Ile ya mwisho ni moto, nimeshairusha!"

"Itoe."

"Niitoe kwa nini?"

Salum akatutazama sisi wawili. "Ni mama yangu anayeimba."

"Wee! Hongera sana kaka!"

"Nimesema itoe," akasema, akakata simu. Wa pili naye akaahidi. Wa tatu hakupokea, na mpaka leo sijui kama aliwahi kupokea.

Akaenda sebuleni, akarudi na kanda kiganjani. Kipande cha plastiki cha rangi ya chai, kimechanika karatasi. Alikigeuza geuza. "Mamdogo, mimi sijawahi kumsikia Mama akiimba. Hata kunibembeleza. Nilijua hajui tu." Akaifuta vumbi kwa kidole gumba. "Naweza kuisikiliza mara moja? Peke yangu. Halafu basi."

Nilitaka kusema ndiyo. Nani hangetaka? Lakini sikuchezwa, mimi ni wa mlangoni tu, na ruhusa si yangu. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kama ningemuuliza Zuhura nadhani najua angesemaje, na yeye Salum anajua. Mwajuma akakausha mikono, akanyoosha kiganja. Salum akaishikilia ile kanda kidogo, kama mtu anayepima uzito, akampa dada yake. Mwajuma akaifunga kwenye pindo la kanga, akatutazama. "Na mimi je? Mimi naruhusiwa?" Hakusubiri jibu. Akafungulia bomba tena, akaendelea na masinia.

Sebuleni wakaanza kuita. "Salum! Mwanetu! Muziki umekwenda wapi?" Akajifuta uso kwa shati, akafungua mlango, akasimama mbele yao.

"Samahanini wazee," alisema. "Mashine imeharibika."

"Aah," akasema yule haji, akitikisa kichwa kwa huruma. "Vitu vya zamani bwana. Vilikuwa vitamu."

Salum akawamiminia kahawa.